Akiba ya Japani, Deni la Marekani

Mwishoni mwa Oktoba 1989 kampuni ya Mitsubishi Estate ya Tokyo ilitangaza kwamba inanunua asilimia 51 ya Rockefeller Group, wamiliki wa majengo ya Rockefeller Center katikati ya New York, kwa dola milioni 846. Mwezi mmoja kabla ya hapo Sony ilikuwa imekubali kuinunua Columbia Pictures kwa dola bilioni 3.4. Wamarekani wengi walizipokea habari hizo kama msiba. Majengo ambayo mbele yake kila mwaka huwashwa mti mkubwa wa Krismasi unaotazamwa na nchi nzima yalikuwa yanahamia mikononi mwa watu walioshindwa vita miaka 44 tu kabla ya hapo.

Lakini wakati huohuo vitabu vya Benki ya Dunia mjini Washington vilikuwa bado vinaonyesha deni la Japani. Kati ya 1953 na 1966 Japani ilikopa Benki ya Dunia mara 31, jumla ya dola milioni 863. Fedha hizo zilisaidia kujenga bwawa la umeme la Kurobe na barabara kuu ya kutoka Nagoya hadi Kobe. Dola milioni 80 ziliingia kwenye reli ya mwendokasi ya Tokyo na Osaka, iliyofunguliwa Oktoba 1964. Hata Toyota, ambayo leo msomaji wangu hawezi kutembea nusu saa bila kuliona jina lake barabarani, ilipata fungu lake kwa ajili ya mitambo ya kuundia malori na mabasi. Marejesho ya mwisho ya mikopo hiyo yalilipwa Julai 1990.

Kwa hiyo kwa miezi kadhaa nchi moja ilikuwa mwenye nyumba wa Rockefeller Center na mdaiwa wa Benki ya Dunia kwa pamoja. Wala hapo hapana ajabu. Kila nchi inadai na kudaiwa saa hiyohiyo. Kinachotuhusu katika sura hii ni kinachobaki baada ya kutoa kimoja kwenye kingine, jinsi kinavyobadilika mwaka hadi mwaka, na kwa nini ukilinganisha nchi mbili kwa namba hiyo peke yake unaweza kupotea njia kabisa.

Chukua mama mwenye duka la vitenge Kariakoo. Wateja wa Morogoro na Lubumbashi wamechukua mzigo kwa mkopo, naye anawadai. Ana hisa chache za benki na nyumba ya kupangisha Mbeya. Upande wa pili, anadaiwa na aliyemletea mzigo, na kaka yake aliweka mtaji dukani na kila mwisho wa mwaka anangoja fungu lake la faida. Jumlisha anavyomiliki na anavyodai kwa watu, kisha toa vile ambavyo watu wanamiliki na kudai kwake. Kwa nchi hesabu ni ileile. Weka upande mmoja viwanda, hisa, hati fungani, mikopo, majengo na akiba ya fedha za kigeni ambavyo serikali, kampuni na wananchi wa nchi hiyo wanavyo nje ya mipaka. Weka upande wa pili vyote vya aina hiyo ambavyo wageni wanavyo ndani. Tofauti yake nitaiita mali halisi ya nje. Ikiwa juu ya sifuri, nchi inaudai ulimwengu. Ikiwa chini, ulimwengu unaidai nchi.

Kabla hatujaenda mbali kuna kosa moja la kuondoa, kwa sababu nimelisikia hata kwa watu waliosoma sana. Watu husikia kwamba deni la serikali ya Japani limepita asilimia 200 ya pato la taifa, wakahitimisha kwamba Japani ni nchi inayozama kwenye madeni. Deni hilo lipo, na ni zito. Lakini serikali hiyo inadaiwa zaidi na Wajapani wenyewe: benki zao, kampuni zao za bima, mifuko yao ya pensheni, na zaidi ya wote Benki Kuu yao, ambayo imeshika karibu nusu ya hati fungani zote. Baba akimkopa mama, nyumba haijawa maskini mbele ya jirani. Serikali ya Japani ni mdaiwa mkubwa, ilhali taifa la Japani ni mdai mkubwa.

Turudi nyuma hadi 1904, kwa sababu mwaka huo nchi zote mbili, Japani na Marekani, zilikuwa wakopaji.

Takahashi Korekiyo, makamu gavana wa Benki Kuu ya Japani, alitumwa New York na London kutafuta fedha za vita dhidi ya Urusi. Hakuwa mgeni wa nchi za watu. Alipokuwa kijana alipelekwa California, akatia sahihi karatasi asiyoielewa, na baadaye akagundua kwamba amejifunga kufanya kazi za ndani kwa miaka kadhaa bila hiari. Sasa alirudi akiwa na shati la kola ngumu, na bado wenye fedha walimtazama kwa mashaka, maana wachache waliamini kwamba Japani ingeishinda Urusi. Kwenye chakula cha jioni mjini London akakaa karibu na Jacob Schiff wa benki ya Kuhn, Loeb ya New York. Schiff alikuwa Myahudi aliyechukizwa na mateso ya Wayahudi chini ya utawala wa Urusi, akakubali kubeba nusu ya mkopo wa pauni milioni 10. Riba ilikuwa asilimia 6, na dhamana ilikuwa mapato ya ushuru wa forodha wa Japani. Hadi vita vinakwisha mwaka uliofuata, Takahashi alikuwa amekopa mara nne, jumla pauni milioni 82.

Lakini Marekani ya Schiff nayo ilikuwa na deni. Reli zake zilijengwa kwa akiba za Waingereza, Waholanzi na Wajerumani. Makadirio ya mwaka 1914 yanaonyesha kuwa wageni walikuwa na mali ya takriban dola bilioni 7.2 ndani ya Marekani, huku Wamarekani wakiwa na bilioni 3.5 nje. Nchi ilikuwa chini kwa dola bilioni 3.7.

Kisha vita moja, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ikazigeuza zote mbili. Uingereza na Ufaransa zilihitaji risasi, ngano na pamba, na benki ya J.P. Morgan ndiyo iliyokuwa wakala wao wa manunuzi. Ili kulipa, Waingereza waliuza hisa na hati fungani za Marekani walizokuwa wamezikusanya kwa vizazi viwili, tena waliuza kwa Wamarekani wenyewe. Zilipokwisha, wakakopa. Huko Asia, viwanda vya Ulaya vilipoacha kuuza nguo na meli, Japani ikaingia sokoni. Mwaka 1914 ilikuwa inadaiwa yen bilioni 1.1. Mwaka 1920 ilikuwa inadai zaidi ya yen bilioni 2.7. Sijui mfano mwingine katika historia ya uchumi wa nchi mbili zilizovuka mto mmoja, kwa dhoruba moja, ndani ya miaka sita.

Ng'ambo ya mto zikaachana. Marekani ilizidi kupanda, na mwaka 1945 ndiyo iliyokuwa mkopeshaji wa dunia nzima. Japani ilitumia akiba yake ya vita haraka, ikakopa tena kujenga Tokyo na Yokohama baada ya tetemeko la Septemba 1923, kisha jeshi likaanza kuiendesha nchi. Takahashi, sasa mzee na waziri wa fedha, alijaribu kuzuia bajeti ya jeshi isiendelee kufura. Asubuhi ya tarehe 26 Februari 1936 maofisa vijana waliingia nyumbani kwake wakamuua kitandani. Miaka tisa baadaye, mali zote za Japani zilizokuwa Korea, Taiwan na Manchuria zilipotea pamoja na vita. Ndiyo maana mwaka 1953 tunaikuta Washington ikiomba mikopo kama nchi nyingine maskini.

Makutano ya pili yalikuja miaka ya 1980, safari hii kila nchi ikienda upande wake.

Serikali ya Ronald Reagan ilipunguza kodi na kuongeza matumizi ya jeshi, na Benki Kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker ilikuwa imepandisha riba kuua mfumuko wa bei. Riba kubwa huvuta fedha za wageni. Upande wa Japani, sheria mpya ya fedha za kigeni iliyoanza kutumika Desemba 1980 iliwaruhusu Wajapani kuwekeza nje kwa uhuru zaidi kuliko awali. Walikuwa na nini cha kuwekeza? Walikuwa na ziada. Waliuza magari, televisheni na vyuma vingi zaidi kuliko walivyonunua mafuta na chakula, na mapato yalibaki mikononi mwao. Hapa pana kanuni inayoongoza sura yote hii: nchi yenye ziada katika urari wa malipo ya kawaida ni lazima, kwa kiasi kilekile, iongeze mali nje au ipunguze madeni. Ziada haina mahali pengine pa kwenda. Kampuni za bima za maisha za Japani zilichukua akiba za mama wa nyumbani wa Osaka na Nagoya zikanunua hati fungani za serikali ya Marekani.

Ilipofika 1985 takwimu rasmi zilionyesha kwamba Marekani imekuwa mdaiwa wa dunia kwa mara ya kwanza tangu Vita vya Kwanza. Baadaye wataalamu walihesabu upya kwa bei za sokoni badala ya bei za siku ya kununua, wakasogeza mwaka huo mbele hadi mwishoni mwa muongo. Huenda msomaji akadhani huo ni ubishi wa wahasibu. Mimi nauona ni jambo zito. Kiwanda alichojenga Mmarekani Ujerumani mwaka 1955 kinahesabiwa kwa dola alizolipa siku ile, au kwa bei ambayo kingeuzwa leo? Jibu linaweza kuigeuza nchi kutoka mdai kuwa mdaiwa, na hakuna shilingi wala dola iliyohama mfukoni mwa mtu.

Tarehe 22 Septemba 1985 mawaziri wa fedha wa Marekani, Japani, Ujerumani Magharibi, Ufaransa na Uingereza walikutana Plaza Hotel, New York, wakakubaliana kuishusha dola. Siku hizo dola moja ilikuwa na thamani ya yen 240 hivi. Mwishoni mwa 1987 ilikuwa chini ya yen 125. Mjapani aliyekuwa na hati fungani ya dola 1,000 bado alikuwa na dola 1,000, na riba yake ililipwa kila mara bila kuchelewa. Lakini alipozirudisha nyumbani, yen 240,000 zilikuwa zimekuwa yen 125,000. Marekani haikukataa kulipa deni hata senti moja. Ililipa kwa sarafu yake iliyopungua, na karibu nusu ya akiba ya mama wa Osaka ikayeyuka.

Na Rockefeller Center? Ilinunuliwa bei ilipokuwa kileleni. Kodi za ofisi za New York zilishuka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkopo uliowekwa dhamana kwa majengo hayo ukawa haubebeki, na Mei 1995 wamiliki wakaomba ulinzi wa mahakama ya waliofilisika. Mwaka huo Mitsubishi iliachia sehemu kubwa ya majengo, yakarudi kwa wanunuzi wengine. Waliolia mwaka 1989 kwamba Marekani inauzwa wangefarijika kujua kwamba iliuzwa ghali na ikanunuliwa tena kwa bei ya chini.

Hadithi hizi mbili, ya hati fungani na ya majengo, zinatupa kile ambacho grafu ya namba moja haiwezi kutupa. Mali halisi ya nje husogezwa na mambo matatu, na nchi inaweza kuwa na sauti kwenye moja tu kati yake. Kuna kile ambacho nchi inaweka akiba au kukopa kila mwaka. Kuna kupanda na kushuka kwa bei za hisa, nyumba na hati fungani. Na kuna sarafu. Mtu akikuonyesha mistari miwili, mmoja wa Japani unaopanda na mmoja wa Marekani unaozama, akakuambia kwamba mmoja ni wa watu wanaojinyima na mwingine ni wa watu wabadhirifu, amekueleza la kwanza tu.

Tazama Marekani. Mwishoni mwa 2007 ilikuwa chini kwa takriban dola trilioni 1.3. Mwishoni mwa 2008 ilikuwa chini kwa karibu trilioni 4. Je, ndani ya mwaka mmoja Wamarekani walikopa dola trilioni 2.7? Hapana. Nakisi yao katika urari wa malipo ya kawaida mwaka huo ilikuwa kama trilioni 0.7. Kilichobaki kilitokana na masoko. Wamarekani walikuwa wamewekeza nje zaidi katika hisa na kampuni, na hisa za dunia zilianguka. Wageni walikuwa wameshika zaidi hati fungani za serikali ya Marekani, na hizo, katikati ya hofu ile, zilipanda bei. Moto ulianzia nyumbani kwa Marekani, lakini waliokimbia walikimbilia humohumo.

Miaka kumi na mitano iliyofuata ilileta kinyume chake, na watu wengi hawakukiona. Hisa za kampuni za Marekani, hasa za teknolojia, zilipanda kuliko za nchi nyingine, na wageni walikuwa wamezinunua kwa wingi. Kila bei ya hisa hizo inapopanda, thamani ya kile ambacho wageni wanamiliki ndani ya Marekani inapanda pia, na mstari wa Marekani unazama zaidi. Mwishoni mwa 2023 ulikuwa karibu trilioni 20 chini ya sifuri. Mwishoni mwa 2024 ulifika trilioni 26: mali ya nje ya takriban trilioni 36, dhidi ya trilioni 62 za wageni. Nakisi ya mwaka huo ilikuwa trilioni 1 na kidogo. Zaidi ya trilioni 5 zilitokana na bei za hisa na nguvu ya dola. Sehemu kubwa ya kinachoitwa deni la Marekani, basi, ni mafanikio ya kampuni za Marekani yaliyohesabiwa kwa jina la wageni walionunua hisa zake. Hisa haina tarehe ya kulipwa, na ikianguka anayeumia ni mwenye kuishika.

Kuna jambo la pili kuhusu Marekani, na chanzo chake, nafasi ya dola duniani, kilimkera waziri wa fedha wa Ufaransa, Valéry Giscard d'Estaing, tangu miaka ya 1960, akakitaja kama upendeleo uliopita kiasi. Nchi hii, kwa miongo mingi baada ya kuwa mdaiwa, iliendelea kupokea kutoka nje faida na riba nyingi kuliko ilizolipa. Katika miaka kadhaa ya muongo wa 2010 ziada hiyo ilipita dola bilioni 200 kwa mwaka. Ni kama mtu anayedaiwa na mtaa mzima, na bado kila mwisho wa mwezi mtaa ndio unaompelekea bahasha. Siri yake iko kwenye aina ya mali. Marekani ilikopa kwa riba ndogo, kwa sababu dunia nzima inataka kuweka akiba yake katika dola, kisha ikanunua viwanda na kampuni zenye faida kubwa. Lakini upendeleo huo haukuandikwa milele. Riba ilipopanda kuanzia 2022 malipo kwa wageni yaliongezeka, na mwaka 2024 ziada ile ilikuwa imesinyaa hadi karibu na sifuri. Nadhani hii ndiyo namba ya kuifuatilia zaidi katika miaka ijayo, kuliko zile trilioni 26 zinazotisha magazetini.

Sasa Japani. Tangu 1991 ilishika nafasi ya kwanza duniani kati ya nchi zinazoudai ulimwengu. Na jinsi inavyopata ziada yake imebadilika. Baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 na ajali ya Fukushima, vinu vya nyuklia vilizimwa, nchi ikaanza kununua gesi nyingi zaidi kutoka nje, na biashara ya bidhaa, iliyokuwa fahari yake, ikaingia kwenye nakisi. Ziada kwa jumla haikufa. Ilishikiliwa na gawio, riba na faida kutoka nje, ambavyo mwaka 2024 vilileta takriban yen trilioni 40. Nchi iliyokuwa fundi sasa inaishi zaidi kama mwenye nyumba za kupangisha. Kwa taifa lenye wazee wengi na vijana wachache hilo lina mantiki: ulifanya kazi ukiwa na nguvu, sasa unakula matunda. Hata mfuko wa pensheni wa serikali umeweka karibu nusu ya fedha zake katika hisa na hati fungani za nje.

Ila sikubaliani na wanaoisifu Japani bila kuuliza bei yake. Kampuni zilizoweka mtaji Kentucky na Thailand hazikuuweka Hokkaido. Mishahara ya mfanyakazi wa Japani ilikaa palepale kwa karibu miaka 30. Tena sehemu kubwa ya faida inayoandikwa kuwa ya Japani hairudi Japani kabisa. Inaongezwa kwenye mtaji hukohuko nje, kwa dola, na muuza mboga wa Sendai haioni.

Kisha kuna hesabu ambayo ningetamani kila mwanafunzi wa uchumi aifanye kwa mkono wake. Mwishoni mwa 2012 mali halisi ya nje ya Japani ilikuwa yen trilioni 296. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa yen trilioni 533. Ongezeko la asilimia 80. Lakini mwishoni mwa 2012 dola moja ilikuwa yen 86 hivi, na mwishoni mwa 2024 ilikuwa karibu yen 158. Gawanya. Mwaka wa kwanza unapata takriban dola trilioni 3.4. Mwaka wa pili unapata takriban dola trilioni 3.4.

Miaka 12, na kila mwaka katika hiyo Japani ilipata ziada, ilhali kwa dola haikusogea. Ziada ilienda wapi? Hati fungani za nje ilizonunua zilishuka bei riba za dunia zilipopanda mwaka 2022. Na soko la hisa la Tokyo likapanda karibu mara nne katika miaka hiyo, huku wageni wakiwa wameshika karibu theluthi moja ya hisa zake, kwa hiyo upande wa madeni ukafura kwa sababu njema. Mstari unaopanda kwenye magazeti ya Tokyo na mstari ulionyooka kwenye magazeti ya New York ni mstari mmoja, na yote miwili ni ya kweli. Ndiyo maana nasisitiza: kabla ya kulinganisha nchi mbili miaka mingi, sema unapima kwa sarafu ya nani.

Kwetu sisi jambo hili si la mbali. Tunaposikia kwamba Marekani inadaiwa trilioni 26 na bado ina nguvu, wapo wanaosema basi na sisi tukope, deni si tatizo. Marekani inadaiwa dola, na dola inachapishwa na Marekani yenyewe. Dola ikishuka, mzigo wake wa nje unapungua, kama tulivyoona baada ya Plaza. Mwaka 2014 Kenya iliuza hati fungani za dola nje, na dola bilioni 2 kati ya hizo zilipaswa kulipwa Juni 2024. Zilipouzwa, dola moja ilikuwa shilingi 88 hivi. Januari 2024, miezi mitano kabla ya siku ya kulipa, ilikuwa imefika karibu 160. Deni halikuongezeka hata dola moja, lakini kwa mlipa kodi wa Nakuru lilikuwa linakaribia kuwa mara mbili. Februari hiyo serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine kwa riba ya asilimia 9.75 ili kununua sehemu kubwa ya deni la zamani, hofu ikapungua, na shilingi ikarudi hadi 130 na kitu. Sarafu ikianguka, Marekani hupunguziwa mzigo na Kenya huongezewa. Kanuni ni moja, ishara ndiyo iliyogeuka, kwa sababu moja tu: mkataba wa deni umeandikwa kwa sarafu ya nani.

Na tuko pia kwenye upande wa pili wa vitabu vya Japani, hata kama kwa senti. Sehemu ya gati mpya ya makontena ya Mombasa ilijengwa kwa mkopo wa Japani, na mkopo huo, mahali fulani ndani ya zile yen trilioni 533, umeandikwa kama mali yao na deni letu. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara, Dar es Salaam, lililofunguliwa Septemba 2018, halimo. Lilijengwa kwa msaada, na msaada haurudi, kwa hiyo haumo kwenye mali ya nje ya yeyote.

Tarehe 27 Mei 2025 Wizara ya Fedha ya Japani ilitoa takwimu za mwaka uliopita. Yen trilioni 533 zilikuwa kiwango cha juu kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa. Taarifa hiyohiyo ilionyesha kwamba Japani si mdai mkubwa wa dunia tena: Ujerumani, yenye mali halisi ya nje ya yen trilioni 570, ilikuwa imechukua nafasi ambayo Japani iliishika tangu 1991, na sehemu ya ushindi huo ilitokana na euro kupanda dhidi ya yen.